Programu moja, mifumo mitatu: Vitufe vya mkato vichaguliwe vipi?

Na Mwandishi Wetu

KUTENGENEZA programu ya kompyuta itakayofanya kazi katika mfumo endeshi mmoja tu ni anasa ambayo watengenezaji wengi hawanayo tena. Programu ile ile ya kutunza hesabu, kuhariri picha au kuandika barua hutarajiwa ifanye kazi katika Windows, katika macOS ya kampuni ya Apple, na katika Linux, mfumo unaopatikana bure na unaopendwa na wanafunzi wa kompyuta pamoja na mafundi wa mitandao.

Mtengenezaji anapofika hapo hukutana na swali linaloonekana dogo: vitufe gani vya kibodi vifanye kazi gani? Vitufe hivyo, vinavyojulikana pia kama njia za mkato, ndivyo vinavyomwezesha mtu kunakili maneno kwa kubonyeza Ctrl na C kwa pamoja, badala ya kushika kipanya, kufungua menyu na kuitafuta amri inayohusika.

Udogo wa swali hilo ni wa juu juu tu. Mtu aliyetumia kompyuta kwa miaka kadhaa hafikirii tena vitufe anavyobonyeza; vidole vyenyewe ndivyo vinavyokumbuka. Vikihamia kwenye mfumo ambako mchanganyiko ule ule wa vitufe una maana nyingine, jambo hutendeka kabla akili haijapata nafasi ya kulizuia. Dirisha hufungwa, maandishi hutoweka, au hesabu iliyokuwa ikiendeshwa na mashine tangu asubuhi hukatishwa njiani.

Katika vyumba vya habari, kwa mfano, si ajabu kumkuta mwandishi akitumia Windows na msanifu wa kurasa akitumia Mac. Anayekalia kiti cha mwenzake jioni, gazeti likisubiriwa mtamboni, huonja tofauti hizo kwa uchungu.

Kanuni moja inatawala suala zima, nayo hupuuzwa mara kwa mara: programu inapaswa kufuata desturi za mfumo ambamo imewekwa, badala ya kulazimisha vitufe vyake vifanane kila mahali. Mtumiaji wa kawaida hakai siku nzima akihama kutoka Windows kwenda Mac na kurudi. Hukaa kwenye mashine moja na kuhama kutoka programu hii kwenda ile, mara mia kwa siku. Ufanano anaouhitaji ni wa programu na programu jirani yake.

Chimbuko la tofauti

Kitufe cha Ctrl ni kikongwe kuliko kompyuta za mezani. Kilikuwapo kwenye mashine za kupeleka maandishi kwa waya, na kazi yake ilikuwa kutuma alama zisizochapwa, yaani maagizo kwa mashine yenyewe. Katika orodha ya alama iitwayo ASCII, ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa Marekani mwaka 1963, alama za mwanzo, kuanzia namba 0 hadi 31, zimetengwa kwa maagizo ya aina hiyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Herufi C ni ya tatu katika alfabeti ya Kiingereza, hivyo Ctrl+C hutuma alama namba 3. Mifumo ya jamii ya Unix, ambayo Linux imerithi desturi zake, huitumia alama hiyo kuisimamisha programu inayoendelea kufanya kazi. Herufi S ni ya 19, na alama namba 19 ni agizo la kusitisha maandishi yanayomiminika kwenye skrini. Mgeni wa Linux anayebonyeza Ctrl+S ndani ya dirisha la amri, akidhani anahifadhi faili, huona dirisha limeganda. Wapo waliozima kompyuta nzima kwa sababu hiyo, kumbe Ctrl+Q ingetosha kulifungua.

Wakati desturi hiyo ikiendelea, katikati ya miaka ya 1970 Larry Tesler na Tim Mott walikuwa wakitengeneza programu ya kuhariri maandishi iliyoitwa Gypsy katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Humo ndimo kitendo cha kukata maneno, kuyanakili na kuyabandika mahali pengine kilipopata sura inayofahamika leo. Tesler alihamia Apple mwaka 1980, na kampuni hiyo ikaja na kompyuta ya Lisa mwaka 1983, kisha Macintosh mwaka 1984.

Herufi za Z, X, C na V zikapewa kazi za kutendua, kukata, kunakili na kubandika. Zimepangana sawia katika safu ya chini ya kibodi, upande wa kushoto, kiasi kwamba mkono wa kushoto huzifikia zote huku wa kulia ukiwa bado umeshika kipanya. Tesler alifariki dunia Februari 2020 akiwa na umri wa miaka 74, na herufi hizo nne huenda ndizo zinazobonyezwa zaidi duniani baada ya zile za kuandikia maneno.

Lakini Apple ilifanya jambo jingine ambalo matokeo yake yapo hadi leo. Amri zake hazikuwekwa kwenye Ctrl bali kwenye kitufe kipya, Command, ambacho baadaye kilipewa alama ya mraba wenye vitanzi katika pembe zake nne. Alama hiyo, iliyochaguliwa na msanifu Susan Kare, hutumika katika nchi za kaskazini mwa Ulaya kuonyesha sehemu zenye vivutio. Kibodi ya Macintosh ya kwanza haikuwa na Ctrl kabisa.

IBM nayo ilitoa mwongozo wake mwaka 1987. Humo kukata kulikuwa Shift+Delete, kunakili Ctrl+Insert na kubandika Shift+Insert. Windows iliufuata mwongozo huo mwanzoni, kisha katika miaka ya mwanzo ya 1990 ikazichukua herufi za Apple na kuziweka juu ya Ctrl. Vitufe vya IBM havikufutwa. Hadi leo vinafanya kazi katika programu nyingi za Windows na Linux, na wazee wa kazi wanavitumia.

Kwa hiyo katika Windows na Linux kitufe cha Ctrl kinabeba mizigo miwili, wa zamani wa kuamrisha mashine na mpya wa kuamrisha programu. Katika Mac mizigo hiyo imetenganishwa: Command+C hunakili, na Ctrl+C ndani ya dirisha la amri husimamisha kazi. Watengenezaji wa madirisha ya amri ya Linux wamelazimika kuongeza kitufe cha tatu, wakapata Ctrl+Shift+C ya kunakili. Anayesahau Shift huua kazi aliyokusudia kuinakili.

Kubadili Ctrl kuwa Command hakutoshi

Kwa kuwa herufi ni zile zile, njia ya kwanza inayomjia mtengenezaji ni kubadilisha tu: kila penye Ctrl katika Windows na Linux, pawe Command katika Mac. Zana za kutengenezea programu humsaidia kufanya hivyo. Katika Qt, mchanganyiko ulioandikwa Ctrl hugeuka wenyewe kuwa Command programu ikiendeshwa kwenye Mac. Electron ina jina maalumu, CommandOrControl, linalofanya kazi hiyo hiyo. Java imekuwa na njia ya kuuliza mfumo ni kitufe gani hutumika kwa amri za menyu tangu miaka ya 1990.

Njia hiyo inafaa kwa amri za msingi: kunakili, kubandika, kuhifadhi, kuchapisha, kutafuta. Nje ya hapo ina mitego, na mitego hiyo si ya kubahatisha, inajulikana.

Mfano ni Ctrl+H, ambayo katika programu nyingi za Windows hutafuta neno na kuweka jingine mahali pake. Ikigeuzwa kuwa Command+H, inagongana na amri ya mfumo wa Mac ya kuificha programu nzima. Mtumiaji aliyetaka kusahihisha jina katika waraka wake huona waraka wote umetoweka. Command+M hupunguza dirisha na kulipeleka chini ya skrini. Command+Tab huhamisha mtu kwenye programu nyingine, ndiyo maana vivinjari vya intaneti kwenye Mac vimebaki na Ctrl+Tab ya kuhamia ukurasa mwingine uliofunguliwa. Command+Space, tangu mwaka 2005, hufungua sehemu ya kutafutia vitu vilivyomo katika kompyuta.

Hata wakubwa wamekwama hapo. Photoshop ya Adobe, iliyoanzia kwenye Macintosh mwaka 1990, ilikuwa imewazoesha wachoraji kutumia Command+H kuficha mistari ya uteuzi kwenye picha. Mac OS X ilipokuja mwaka 2001, mfumo ukauchukua mchanganyiko huo kwa ajili yake. Ufumbuzi uliokuja kupatikana ulikuwa wa kumuuliza mtumiaji, anapoubonyeza kwa mara ya kwanza, kama anataka maana ya mfumo au ile ya Photoshop. Ni jibu la kistaarabu, ingawa ni la mtu aliyebanwa.

Amri ya kurudisha kilichotenduliwa nayo ina njia zake. Windows hutumia Ctrl+Y, Mac hutumia Shift+Command+Z, na programu nyingi za Linux hufuata mfano wa Mac kwa Ctrl+Shift+Z. Hakuna hasara programu ikikubali njia zote mbili pale ambapo hazigongani na kitu, huku menyu ikionyesha ile tu iliyo ya kawaida katika mfumo husika.

Ipo pia tofauti ya mawazo, si ya vitufe tu. Katika Windows, kufunga dirisha la mwisho kwa kawaida ndiko kufunga programu. Katika Mac programu hubaki hai hata bila dirisha, hivyo Command+W ya kufunga dirisha na Command+Q ya kuondoka ni mambo mawili tofauti. W na Q zimekaa jirani kwenye kibodi. Kidole kikiteleza kidogo, mtu aliyetaka kufunga ukurasa mmoja hufunga kivinjari kizima pamoja na fomu aliyokuwa akiijaza.

Watengenezaji wa Firefox wameliona hilo na kuligawa kwa mfumo. Kuondoka ni Command+Q katika Mac, Ctrl+Q katika Linux, lakini Ctrl+Shift+Q katika Windows. Chrome kwenye Mac inaweza kupangwa ili mtumiaji ashikilie Command+Q kwa muda kabla ya programu kufungwa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hilo ndilo somo linalostahili kunakiliwa kuliko mengine: amri inayoweza kupoteza kazi isikae kitufe kimoja tu kutoka kwenye amri inayotumika kila dakika, na ikilazimika kukaa hapo, iwekewe kizuizi.

Herufi iliyopotea

Mtego mbaya kuliko yote hauonekani kwa mtengenezaji anayefanya majaribio kwenye kibodi ya Kiingereza. Watu wengi wa Ulaya huandika kwa kibodi ambazo kitufe cha Alt cha kulia kinaitwa AltGr, na kazi yake ni kutoa herufi za ziada. Windows hukichukulia kitufe hicho kuwa sawa na Ctrl na Alt vikibonyezwa pamoja. Maana yake ni kwamba programu inayoipa Ctrl+Alt+S kazi yoyote, inamnyang'anya mtu fulani herufi.

Jambo hilo liliipata Medium, jukwaa la kuandikia makala kwenye intaneti, na msanifu wake Marcin Wichary akalieleza kwa kirefu mwaka 2015. Mtumiaji mmoja aliripoti kwamba anaweza kuandika herufi zote za Kipolandi isipokuwa moja, S yenye alama juu yake.

Sababu ilikuwa nia njema. Medium huhifadhi maandishi yenyewe bila kuamriwa, hivyo watengenezaji waliamua kuipuuza Ctrl+S ili kivinjari kisimletee mtumiaji dirisha la kuhifadhi ukurasa. Lakini Wapolandi huipata herufi yao kwa AltGr+S, ambayo katika Windows huonekana kama Ctrl+Alt+S. Programu iliiona Ctrl na S, ikaikataa, na herufi ikapotea. Dawa ilikuwa ndogo: kuhakikisha kwamba Ctrl imebonyezwa bila Alt.

Mfano huo una uzito wa pekee kwa mtengenezaji wa Dar es Salaam au Nairobi. Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida za Kilatini, bila vitone wala mikwaju. Hata ng' inahitaji alama ya kukatia tu. Anayeandika Kiswahili anaweza kufanya kazi miaka kumi bila kugusa AltGr, na majaribio yake yote yakapita. Kumbe kibodi za mpangilio wa Kifaransa zinatumika hata miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili walioko Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi. Katika kibodi hizo alama ya @ hupatikana kwa AltGr na kitufe cha 0. Programu itakayoishika Ctrl+Alt+0 kwa shughuli zake itamzuia mteja wa Lubumbashi kuandika anwani yake ya barua pepe. Kwa Mjerumani alama hiyo hiyo iko kwenye AltGr+Q.

Kwa hiyo katika Windows Ctrl+Alt pamoja na herufi au tarakimu isitumike kabisa. Katika Mac kitufe kinachokatazwa ni Option peke yake pamoja na herufi, kwa kuwa nacho huandika alama maalumu. Katika Linux, Ctrl+Alt ina wenyewe: Ctrl+Alt+F1 na jirani zake huhamisha skrini nzima, na katika baadhi ya mazingira Ctrl+Alt+L hufunga kompyuta hadi mtu aandike neno la siri. IntelliJ IDEA, programu ya kuandikia programu nyingine, huitumia Ctrl+Alt+L kupanga vizuri mistari ya kazi, na baadhi ya watumiaji wake wa Linux waliubonyeza mchanganyiko huo wakajikuta wamefungiwa nje. Waliotengeneza programu hiyo huja na orodha tofauti za vitufe kwa ajili ya mazingira tofauti ya Linux, na nyingine ya macOS.

Mpangilio wa herufi nao haufanani. Kibodi ya Kifaransa imebadilishana A na Q, Z na W. Ya Kijerumani imebadilishana Y na Z. Tarakimu za kibodi ya Kifaransa zinahitaji Shift, na mabano ya mraba yanahitaji AltGr, hivyo Ctrl na bano la mraba, inayopendwa na programu za kuhariri, haishikiki kirahisi huko. Herufi za kawaida, A hadi Z, ndizo salama zaidi. Alama za uandishi ni za kuepukwa.

Hapa mtengenezaji anatakiwa kujua anauliza nini. Kompyuta inaweza kumwambia herufi iliyoandikwa, au mahali kitufe kilipo kwenye kibodi bila kujali kimechorwa nini. Kwa amri kama kunakili, herufi ndiyo inayotakiwa. Kwa michezo ambayo mtu huongoza mhusika kwa W, A, S na D, mahali ndipo penye maana, maana vidole vya Mfaransa vitakaa pale pale ingawa vitufe vyake vimeandikwa Z, Q, S na D. Kwa anayeandika Kiarabu, Muscat au Zanzibar, hakuna C wala V katika herufi anazoandika. Programu inayongoja kuona herufi ya Kilatini ndipo inakili, itamngoja milele.

Fungua na Funga

Programu ikitafsiriwa, vitufe vya mkato huleta suala jingine. Kuna vitufe vya aina mbili ambavyo watu huvichanganya. Vya kwanza ni kama Ctrl+S, vinavyofanya kazi popote ndani ya programu. Vya pili ni herufi zinazopigwa mstari kwenye menyu za Windows na Linux, ambazo hubonyezwa pamoja na Alt ili kufungua menyu. Mac haina hivi vya pili.

Herufi za menyu lazima zibadilike kufuata lugha, vinginevyo mstari utawekwa chini ya herufi ambayo haimo katika neno. Kiswahili kinampa mfasiri kazi, kama watakavyokuwa wamegundua wote waliowahi kutafsiri programu tangu mradi wa Kilinux ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Faili, Fungua, Funga na Futa zote zinaanza kwa F. Maneno Fungua na Funga, ambayo maana zake zinapingana, yana herufi zile zile kabisa: hakuna herufi iliyomo katika moja ikakosekana katika jingine. Mfasiri hana budi kuipa Fungua herufi moja na Funga nyingine, kisha azishikilie katika menyu zote. Au achague neno tofauti kwa mojawapo.

Vitufe vya Ctrl, kwa upande mwingine, ni bora viachwe kama vilivyo. Word ya Kihispania ilivitafsiri: kuhifadhi kukawa Ctrl+G, kwa herufi ya kwanza ya neno la Kihispania, na Ctrl+S ikawa ya kupiga mstari chini ya maneno. Mtu aliyezoea programu nyingine akibonyeza Ctrl+S humo huona neno limepigiwa mstari, na kazi yake haijahifadhiwa. Kishawishi cha kuweka Ctrl+H kwa ajili ya Hifadhi ni kikubwa, lakini anayetumia programu ya Kiswahili leo asubuhi atatumia ya Kiingereza mchana, kwenye mashine ile ile.

Wasioshika kipanya

Kwa wengi vitufe ni njia ya kuokoa muda. Kwa asiyeona ndiyo njia pekee. Programu zinazowasomea skrini zimejitengea vitufe vyao: NVDA, inayotolewa bure na iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006, pamoja na JAWS, hutumia Insert, VoiceOver ya Apple hutumia Ctrl na Option kwa pamoja. Programu nyingine ikivichukua vitufe hivyo, inamgombanisha mtu huyo na sauti inayomwongoza.

Njia za mkato za herufi moja tupu, zinazopendwa na tovuti za barua pepe, nazo zina hatari yake. Mtu anayeendesha kompyuta kwa kuiamuru kwa sauti anaweza kusema neno, herufi zake zikapokelewa moja moja kama amri, barua zikafutwa au kuhamishwa. Mwongozo wa kimataifa wa ufikiaji wa tovuti, toleo 2.1 la mwaka 2018, unataka vitufe vya herufi moja viweze kuzimwa au kubadilishwa, au vifanye kazi pale tu sehemu inayohusika inapokuwa imechaguliwa. Gmail huviacha vikiwa vimezimwa hadi mwenyewe avitake.

Mpangilio wa kazi

Mtengenezaji anayeanza leo na aandike kwanza amri zote za programu yake, kisha avuke zile zisizotumika kila siku. Kosa la kawaida ni kuipa kila amri kitufe. Kila kitufe kinachotolewa ni kitufe ambacho hakitapatikana tena, na mtu anayebonyeza vibaya ana nafasi kubwa zaidi ya kuangukia kwenye jambo asilolijua.

Amri za kawaida zipewe vitufe vya kawaida vya kila mfumo, bila ubunifu. Kwa amri zilizo za programu hiyo pekee, Ctrl+Shift na herufi, pamoja na Shift+Command katika Mac, ndilo eneo lenye nafasi, japo nalo si tupu: Ctrl+Shift+U katika Linux nyingi huanzisha uandishi wa alama kwa namba yake. Kitufe chenye nembo ya Windows ni mali ya mfumo, kisiguswe. Vitufe vya F1 hadi F12 havitegemewi sana siku hizi kwa sababu kompyuta nyingi za mkononi huvitumia kupandisha sauti na mwanga, na mwenye mashine hulazimika kushika Fn kwanza.

Ctrl ya Mac nayo si kiwanja kitupu kama inavyodhaniwa. Ctrl+A hupeleka kishale mwanzo wa mstari, Ctrl+E mwisho wake na Ctrl+K hufuta kilichobaki, karibu katika kila sehemu ya kuandikia. Waliozoea hilo hawapendi kunyang'anywa.

Kila kitufe kionyeshwe kwenye menyu, mbele ya amri yake, kwa maandishi ya mfumo husika. Menyu ya Mac inayoonyesha neno Ctrl mahali pa alama ya Command ni dalili kwamba hakuna aliyeijaribu. Majaribio yafanywe kwenye mashine za aina tatu, na mpangilio wa kibodi ubadilishwe uwe wa Kifaransa, wa Kipolandi na wa Kiarabu, kazi isiyozidi nusu saa kwa kuwa mifumo yote huja nayo bila malipo.

Hatimaye mtumiaji apewe nafasi ya kubadilisha vitufe mwenyewe na kuhifadhi orodha yake katika faili anayoweza kuihamishia kwenye kompyuta nyingine. Programu itokapo katika toleo jipya, vitufe vya zamani visihamishwe bila sababu nzito, na pale inapobidi, kile cha zamani kiendelee kufanya kazi kwa matoleo kadhaa, kama vile Shift+Insert inavyobandika hadi leo, zaidi ya miaka 30 tangu Ctrl+V ilipoichukulia nafasi.